Mashua juu ya Mabega: Lady Alice katika nchi ya Singida na katika makorongo ya Kongo, 1875–1877

Kinyangiri ni kijiji cha nchi ya Wanyiramba, katika wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida. Mtu asimamaye huko mwezi wa Septemba haoni sababu yoyote ya kutaja mashua. Mito ya upande ule wakati huo ni njia za mchanga tu. Wanawake huchimba visima vifupi katika mchanga wenyewe, wakangoja maji yajikusanye, wakateka kidogo kidogo. Miezi minne baadaye njia zile zile hushuka maji mekundu yenye magogo, na msafiri hulala ng'ambo akingoja yapungue. Kati ya hali hizo mbili siku ambazo chombo chaweza kuelea kwa raha ni chache mno, na katika vijito vingi hazipo kabisa.

Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1875 mashua ya futi 40 ilikatiza nchi ya Wanyaturu na ya Wanyiramba, ikielekea kaskazini. Haikupita juu ya maji. Ilipita juu ya mabega ya watu, vipande vipande, na kila kipande kikisukumwa katika vichaka vya miiba ambamo mtu mwenye mzigo wa kichwani alipita kwa shida. Wanahistoria wameandika mengi juu ya mwenye mashua ile, Henry Morton Stanley; juu ya mashua yenyewe, na hasa juu ya hesabu zilizofanywa kabla haijaondoka pwani, wameandika machache. Nayo yastahili kuangaliwa, maana katika hesabu hizo yamo mambo yaliyopimwa kwa inchi na ratili, na yamo mambo ambayo hayakupimwa hata kidogo, ambayo gharama yake ililipwa na watu wengine.

Mashua iliitwa Lady Alice, kwa jina la Alice Pike, binti wa Kimarekani wa miaka kumi na saba ambaye Stanley alitumaini kumwoa. (Binti huyo aliolewa na mtu mwingine Januari 1876, wakati mashua yenye jina lake ilipokuwa bado katika nchi za maziwa, mchumba hakupata habari mpaka safari ilipokwisha.) Fedha za safari zilitolewa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald. Mjenzi alikuwa James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Aliagizwa kuunda chombo cha mbao za mwerezi wa Kihispania, chenye urefu wa futi 40, upana wa futi 6, na kina cha inchi 30. Kisha kigawanywe vipande vitano vya futi nane nane, ambavyo vyaweza kufungwa pamoja ufikapo ukingo wa maji na kufunguliwa tena maji yaishapo.

Wazo lenyewe lilikuwa jema, wala halikuwa geni. David Livingstone alikuwa ameleta mashua ya mvuke, Ma-Robert, katika mto Zambezi mwaka 1858, nayo pia ilikuwa ya vipande. Lakini Stanley alikusudia jambo ambalo halijafanywa: kwamba chombo kimoja kizunguke Ziwa Victoria, kizunguke Ziwa Tanganyika, kisha kiteremke katika mto mkubwa ambao Livingstone aliuona Nyangwe, popote uendapo. Kwa hiyo chombo kile kilitakiwa kiwe mambo mawili yasiyopatana: kizito na imara cha kustahimili mawimbi, tena chepesi cha kubebwa kwa miezi mitatu katika nchi isiyo na mto unaopitika.

Kosa la kwanza lilionekana Unguja. Vipande vilipopimwa, vilionekana vizito mno kwa wapagazi. Kwa bahati alipatikana seremala Mwingereza aliyeweza kuvipunguza na kuvigawa tena, na kazi hiyo ikachukua siku za thamani. Mzigo wa mpagazi wa kawaida katika njia za bara ulikuwa kama ratili 60 hadi 70. Hicho ndicho kipimo ambacho desturi ya Wanyamwezi na wangwana ilikuwa imekithibitisha kwa muda mrefu, na mfanya biashara yeyote wa Bagamoyo angeweza kukitaja bila ya kufikiri. Mjenzi wa Teddington hakuwa na haja ya kukijua. Mwenye kuagiza, ambaye alikwisha kwenda Ujiji na kurudi mwaka 1871 na 1872, alikijua vema, lakini tamaa ya kuwa na chombo kikubwa ilimshinda. Wachukuzi wa mashua walichaguliwa kwa kimo na kwa upana wa mabega, wakapewa ujira uliozidi wa wenzao.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Kitabu cha Stanley cha mwaka 1878, *Through the Dark Continent*, chataja watu 356. Hesabu hiyo haina budi kuchukuliwa kwa tahadhari. Tim Jeal, aliyeandika maisha yake mwaka 2007 kwa kutumia hati ambazo hazikuwa wazi hapo awali, ameonyesha kwamba watu walikuwa wachache zaidi. Msomaji wa kitabu kile yampasa akumbuke daima kwamba mwandishi alikuwa mtu wa gazeti, na tarakimu katika mikono yake zilinenepa.

Lakini tarehe ya kuondoka haina shaka, nayo ndiyo iliyo muhimu. Novemba ni mwezi ambao mvua za nchi ya kati zinakaribia. Mtu mwenye mashua huenda akaona ni jambo la heri: mvua ni maji, na maji ni njia. Kwa mkulima wa Ugogo, wa Unyaturu au wa Unyiramba, mvua za mwanzo zina maana nyingine. Nafaka ya mwaka uliopita iko katika siku zake za mwisho ghalani, na uwele na mtama mpya hautavunwa mpaka miezi ya Mei na Juni. Miezi ya Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi ambayo mama wa nyumba hupima unga kwa kiganja. Kuingiza mamia ya watu wageni katika nchi hiyo, katika miezi hiyo, wakitaka kununua chakula cha kila siku kwa merekani na shanga, ni kuwataka wenyeji wauze kile ambacho watoto wao watakihitaji kabla ya mavuno. Misafara ya zamani ya biashara ilijua jambo hili, na kwa sababu hiyo njia ya Unyanyembe ilikuwa na vituo ambavyo watu wake walilima ziada kwa ajili ya kuuza. Stanley aliiacha njia hiyo. Mwanzoni mwa Januari 1875, baada ya Krismasi ya mvua na njaa huko Ugogo, alikata kuelekea kaskazini, katika nchi ambayo misafara mikubwa haikuzoea kupita.

Yaliyofuata yalitabirika. Viongozi waliochukuliwa Ugogo walitoroka. Njia ilipotea katika vichaka kwa sababu ya njia nyingi za tembo na vifaru. Vipande vya mashua viligeuka kuwa adhabu: kila mti uliopinda juu ya njia ulipaswa kukatwa, na kila aliyekaa nyuma ya mashua alingoja. Watu wengine waliingia porini kutafuta chakula wasirudi, na wengine walikufa njiani kwa njaa. Katika hali hiyo ndipo lilipotokea tukio ambalo ni dogo kwa ukubwa, lakini laeleza mengi kuliko sura nzima za kitabu. Stanley alituma watu waende upesi mpaka Suna kununua nafaka; na wakati wa kuwangoja, alimwaga vitu vyake vilivyokuwa katika sanduku la bati la kutilia nguo, akalijaza maji, akalipandisha juu ya moto, akatia unga wa shayiri uliokuwa umewekwa kwa ajili ya wagonjwa, pamoja na makopo manne ya unga wa dawa. Uji huo mwembamba uligawiwa kwa msafara wote. Mashua ya futi 40 ilikuwa imelala pembeni, na watu waliokuja nayo walikunywa uji kutoka katika sanduku la nguo.

Kutoka Suna msafara uliingia zaidi katika nchi ya Wanyaturu. Tarehe 17 Januari 1875, mahali ambapo Stanley aliandika kwa jina la Chiwyu, alikufa Edward Pocock, mmoja wa ndugu wawili, wana wa mvuvi wa Kent, waliochukuliwa kwa sababu walijua kazi ya mashua. Alikufa kwa homa, asipate kuona ziwa wala kugusa kasia. Siku chache baadaye, mahali paitwapo Vinyata, palitokea vita.

Juu ya Vinyata kuna ushahidi wa upande mmoja tu ulioandikwa, nao ni wa Stanley. Yeye asema kwamba mganga mmoja alikuja kambini, akapewa zawadi. Kwamba baadaye mtu wa msafara alishtakiwa kwa kuiba maziwa, na fidia ikalipwa. Kwamba ingawa hivyo wenyeji walishambulia, na mapigano yakaendelea siku tatu. Watu wa msafara zaidi ya ishirini waliuawa. Stanley aliwatuma watu wake wavichome vijiji na kuchukua nafaka, kisha akaondoka na akiba ya chakula cha siku kadhaa. Mwanahistoria hana haki ya kuzua maneno ya Wanyaturu ambao hawakuulizwa. Lakini ana haki, tena wajibu, wa kusoma kalenda. Mwezi ulikuwa Januari. Watu wenye bunduki, wenye njaa, waliopoteza wenzao porini, waliingia katika kijiji ambacho kilikuwa kinahesabu nafaka yake mpaka mavuno. Na walipotoka nafaka ilikuwa katika mizigo yao. Sababu ya ugomvi iwe maziwa au iwe moyo wa ng'ombe aliyechinjwa, matokeo yake kwa watu waliobaki Vinyata, baada ya moshi kutoweka, yalikuwa miezi minne bila ya chakula.

Kosa la pili la hesabu lilifanyika hapo hapo, nalo lahusu maji. Kijito kilichopita karibu na Vinyata, ambacho Stanley alikiandika Leewumbu, kilimvutia sana. Alikuwa na hamu ya chanzo cha Nili, kama wasafiri wote wa Kizungu wa kizazi chake, na kwa kuona kijito kile kinaelekea kaskazini, alisadiki kwamba maji yake huendelea mpaka mto Simiyu, na kwa njia hiyo huingia Ziwa Victoria. Alitangaza katika magazeti kwamba amekiona chanzo cha Nili kilicho mbali kabisa upande wa kusini.

Maji ya Singida hayaendi huko. Mito ya Unyiramba, pamoja na mto Ndurumo, hushuka katika mbuga ya Wembere, ambayo masika huwa ziwa la tope. Kutoka Wembere maji huingia ziwa Kitangiri. Kutoka Kitangiri mto Sibiti huyachukua hata ziwa Eyasi. Na Eyasi ni ziwa la chumvi lisilo na mlango wa kutokea. Huko maji hukauka kwa jua. Uso wa Eyasi uko chini ya uso wa Ziwa Victoria kwa kadiri ya mita 100. Hivyo, mto wa Stanley ungelazimika kupanda mlima ili ufike mahali alipousafirisha kwa kalamu. Mzungu wa kwanza kuliona Eyasi alikuwa Oscar Baumann, mwaka 1892, na baada yake ramani ikaanza kusahihishwa. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo iliyowapa wahandisi wa Kijerumani, kabla ya vita vya 1914, fikira ya kuleta maji ya Ziwa Victoria kwa mfereji mpaka Wembere ili kumwagilia mashamba ya pamba. Vita vikaja, na mfereji ukabaki katika makaratasi.

Mtu yeyote wa Mkalama anayevuka Sibiti kwenda Meatu angeweza kumweleza Stanley habari za maji hayo. Siku hizi avuka kwa daraja, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 2010. Zamani alivuka kwa miguu wakati wa kiangazi, na masika hakuvuka. Elimu ya mto wa namna ile si elimu ya chanzo na mwisho tu. Ni elimu ya mwezi: mto huu wapitika lini, wachimbwa lini, waua lini. Hapa inafaa kutaja jambo moja la pwani. Wangwana wengi wa msafara walikuwa watu wa bahari, na baharia wa Unguja au wa Lamu azaliwa katika elimu ya maji kupwa na kujaa. Chombo kilichokwama fungu leo asubuhi kitaelea jioni; kisipoelea jioni, kitaelea siku za bamvua. Saburi ya namna hiyo ndiyo ubaharia wenyewe. Lakini mto wa bara haurudi baada ya saa sita. Ukikwama katika mto unaopungua, waweza kungoja mwaka.

Msafara ulivuka Wembere mwezi wa Februari, ukapita Usukuma ambako chakula kilikuwa kingi na watu wakarimu, ukafika Kagehyi, kando ya Ziwa Victoria, tarehe 27 Februari 1875. Siku 103 zilikuwa zimepita tangu Bagamoyo. Mashua ilifungwa pamoja, ikaingizwa majini tarehe 8 Machi, na ikalizunguka ziwa lote kwa muda wa miezi miwili kasoro siku chache. Mwaka uliofuata ililizunguka Tanganyika. Katika maziwa chombo kilistahili sifa zake zote, na hakuna haja ya kurudia habari ambazo kila mwanafunzi wa shule azijua. Kazi ngumu zaidi ilikuwa mbele.

Yapasa kwanza kuangalia jinsi watu wengine wa zama zile walivyofanya hesabu za mito ipitayo katika makorongo, maana kosa la Stanley halikuwa lake peke yake. Livingstone, aliposhuka kando ya Zambezi mwaka 1856, aliacha mto mahali fulani akafuata njia ya mkato. Na kwa sababu ya mkato huo hakuyaona maporomoko ya Kebrabasa. Akarudi Uingereza akasema kwamba Zambezi ni njia kuu ya Mungu ya kufikia bara. Mwezi wa Novemba 1858, mto ukiwa katika maji yake madogo, alifika Kebrabasa kwa chombo cha mvuke na kuona korongo la mawe ambalo mto mzima hujibana ndani yake. Badala ya kukiri, alifanya hesabu nyingine: kwamba maji yakijaa, mawe yatafunikwa, na chombo chenye nguvu zaidi kitapita juu yake. John Kirk, mwenzake, hakusadiki. Yeyote aliyewahi kuona mto wa Singida katika Machi ajua kwamba maji mengi yakibanwa katika nafasi ndogo hayawi njia. Huwa ukuta unaokwenda.

Huko Marekani, John Wesley Powell aliingia katika makorongo ya mto Colorado mwaka 1869, akiwa na watu kumi pamoja naye mwenyewe, na mashua nne. Nchi ile ni jangwa, kavu kuliko Unyiramba, lakini mto wake walishwa na theluji ya milima ya mbali. Kwa hiyo hujaa Mei na Juni, wakati theluji inapoyeyuka, bila kujali kwamba kando yake hakuna tone la mvua. Powell aliondoka tarehe 24 Mei. Mashua moja ilivunjika mapema, pamoja na chakula kilichokuwamo. Mashua zake nzito zilikuwa za mti wa mwaloni, zenye umbo la chombo cha bahari. Tarehe 28 Agosti watu watatu walikataa kuendelea, wakapanda juu ya genge, wakauawa. Siku mbili baadaye waliobaki walitoka salama. Ilipita miaka mingi kabla ya mwindaji mmoja, Nathaniel Galloway, kufundisha namna nyingine: chombo chepesi chenye tako la bapa, na mpiga kasia akielekeza uso wake upande anaokwenda, akivuta kinyume cha mkondo ili apunguze mwendo na kuchagua njia. Mwaka 1909 alimpitisha Julius Stone katika makorongo yale yale kuanzia Septemba hata Novemba, mto ukiwa umepungua. Maji madogo yana taabu zake: mawe huchomoza, chombo hukwaruza, watu hushuka na kusukuma. Lakini mtu aweza kuona jiwe kabla hajalifikia, na aweza kusimama kando akafikiri.

Lady Alice haikuwa chombo cha Galloway. Ilikuwa chombo cha ziwa, na uzuri wake wote ulikuwa katika maji mapana. Msafara ulipofika Pool, ambapo leo husimama miji ya Kinshasa na Brazzaville, ilikuwa tarehe 12 Machi 1877. Chini ya Pool mto Kongo huingia katika korongo refu, na kwa zaidi ya maili 150 hushuka kwa maporomoko na mikondo ya kutisha. Vipimo vilivyofanywa baadaye Kinshasa vimeonyesha tabia ya mto huo: kwa kuwa wapokea mvua za pande zote mbili za ikweta, hujaa mara mbili kwa mwaka, Novemba na Desemba kwa wingi zaidi, na tena Aprili na Mei, hupungua kidogo Machi, na hupungua sana Julai na Agosti. Stanley aliingia korongoni katikati ya Machi. Maana yake ni kwamba aliuona mto katika utulivu wake mdogo, akaingia ndani, na mto ukaanza kupanda naye yumo humo, akizungukwa na magenge.

Je, angaliweza kungoja? Kwa hesabu za maji peke yake, jibu ni rahisi: miezi minne ya subira pale Pool ingalimpa mto mdogo kuliko wote wa mwaka. Lakini msafara ulikuwa umebakiwa na nguo na shanga chache, na watu mamia moja na zaidi wa kulishwa. Kama ilivyokuwa Januari 1875, kalenda ya chakula ilipingana na kalenda ya maji. Na safari hii haikuwapo Vinyata ya kuchoma, maana wenyeji wa kando ya korongo walikuwa na bunduki na masoko, na waliuza kwa bei waliyotaka.

Mwisho wa Machi mtumbwi mmoja uliponyoka ukachukuliwa na mkondo mpaka ukaanguka porokoni; ndani yake alikuwamo Kalulu, kijana ambaye Stanley alimchukua Unyanyembe na kumpeleka Uingereza na kumfanya habari ya magazeti. Tarehe 12 Aprili kamba za Lady Alice zenyewe zilikatika, na mashua, pamoja na Stanley na mabaharia wake, ikapelekwa na mto kama jani. Ilinusurika kwa ustadi wa mikono iliyoishika. Katika maporomoko ya Inkisi korongo halikuruhusu hata kuburura kandokando. Mitumbwi mizito ya miti ilivutwa juu ya mlima, kiasi cha futi 1,200, na kuteremshwa upande wa pili, wenyeji wakitazama wasiamini. Tarehe 3 Juni Frank Pocock, ndugu wa yule aliyezikwa Unyaturu, alizama katika maporomoko ya Massassa. Vidonda vya miguu vilimzuia kutembea, akachoka kukaa kambini, akawahimiza wenziwe waingie katika mkondo ambao wao hawakuutaka.

Mtu wa kukumbukwa zaidi katika miezi ile ni Uledi, nahodha wa Lady Alice. Yeye ndiye aliyeijua mashua kuliko mwenye nayo: alijua inavyogeuka ikiwa na maji ndani, na kipande gani kilivuja. Mara nyingi alijitupa mtoni kumwokoa mtu aliyezama, na Stanley mwenyewe aandika hivyo pasipo kusita. Huyo huyo alipatikana siku moja ameiba shanga za msafara, kwa sababu ya njaa. Baraza la wakubwa wa msafara likahukumu apigwe, wenzake wakasimama wakaomba wapigwe wao badala yake, akasamehewa. Katika kitabu tukio hili limeandikwa kama mfano wa huruma ya mkubwa. Laweza kusomwa pia kama ushahidi wa hesabu: nahodha bora katika mto wote aliiba shanga ili anunue muhogo.

Mwisho wa Julai mto ulikuwa umepungua, kama upunguavyo kila mwaka, lakini watu walikuwa wamekwisha nguvu za kufaidi. Kwenye maporomoko ya Isangila, Stanley alitambua mahali ambapo Kapteni Tuckey wa jeshi la maji la Uingereza alipafikia mwaka 1816 akitokea baharini. Kwa hiyo mto ulikuwa umejulikana, na hapakuwa na sababu ya kuufuata tena. Tarehe 31 Julai 1877 Lady Alice iliinuliwa kwa mara ya mwisho, ikapandishwa juu ya mwamba ulio juu ya maporomoko, ikaachwa huko ili ikauke na kuoza. Hakuna aliyetaka kuichukua vipande. Kutoka hapo mpaka Boma njia ilikuwa ya miguu. Chini kidogo ya mahali hapo ni Inga, ambako mwaka 1972 na tena mwaka 1982 yalifunguliwa mabwawa ya umeme. Kebrabasa ya Livingstone nayo ilifungwa kwa bwawa la Cahora Bassa mwaka 1974, na korongo la Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kuwa Bwawa la Julius Nyerere. Makorongo yaliyowashinda wenye mashua yamekuja kufaa kwa kazi nyingine.

Siku nne baada ya kuiacha mashua, msafara ulikuwa Nsanda, na watu hawakuweza kwenda zaidi. Stanley aliandika barua kwa Mzungu yeyote atakayekuwapo Boma, ajuaye Kiingereza, akiomba chakula kwa ajili ya watu wanaokufa. Barua ilichukuliwa na watu wanne waliojitolea: Kacheche, Muini Pembe, Robert Feruzi, aliyekuwa mwanafunzi wa misioni ya Unguja na aliyejua Kiingereza, na Uledi, ambaye sasa hakuwa na chombo cha kuongoza. Walitembea usiku. Tarehe 6 Agosti wapagazi walionekana wakija kutoka upande wa bahari, na katika mizigo yao mlikuwa na mchele, samaki, na tumbaku.